Deni la Anayeuliza

Ukitafuta mtandaoni maandishi yoyote kuhusu elimu ya mtoto wa kike mkoani Shinyanga, hutafika mbali kabla hujakutana na asilimia 59. Imo kwenye ripoti za mashirika, kwenye tasnifu za shahada, kwenye hotuba za uzinduzi wa miradi na kwenye habari za magazeti. Chanzo chake ni utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010. Kati ya wanawake wa Shinyanga waliokuwa na umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa au wanaishi na mwenza kabla ya kutimiza miaka 18. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 37. Tabora ilifuata kwa 58, Mara 55, Dodoma 51.

Namba hiyo naijua vizuri kwa sababu nimekuwa nikikusanya orodha ya tafiti zilizowahi kufanywa kuhusu elimu katika eneo hili, nikiwa hapa Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga ambayo wageni wengi huijua kwa uwanja wake wa ndege tu. Kazi yenyewe haina maajabu. Unatafuta jina la andiko, mwandishi, mwaka, lugha, eneo lililohusika na mahali nakala ilipo. Unajaza kwenye jedwali, unahamia kwa lingine. Kwa nje ni kazi ya karani. Lakini kila mstari wa jedwali hilo unanirudisha kwenye swali ambalo si la karani: mtu akienda kwa watu wengine, akawauliza kuhusu watoto wao, wakamjibu, anabaki anadaiwa nini? Na deni hilo, kama lipo, linamhusu pia yule anayekuja baadaye kuyaorodhesha majibu?

Tuanze na namba yenyewe. Asilimia 59 ya Shinyanga ipi?

Mwaka 2010 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa mkubwa kuliko huu tulio nao. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mwaka 2012 Serikali ikaunda mikoa mipya. Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita. Wanawake waliofungua milango na kujibu maswali ya utafiti ule, baadhi yao leo ni wakazi wa mikoa mingine bila kuhama hata nyumba. Namba yao haikugawanywa. Ilibaki na jina la mkoa wa zamani, kama ndugu waliogawana mji wa marehemu baba yao, mmoja akaachiwa madeni yote.

Tena wanawake wale hawana tena miaka 20. Wamevuka 30, na wengi wao wana mabinti walio shuleni. Msichana aliyezaliwa 2012 hakuwepo kabisa katika hesabu hiyo, lakini ndiyo inayomtambulisha. Mgeni akisikia anatoka Shinyanga, tayari anafikiri anajua jambo kuhusu maisha yake.

Sisemi kwamba ndoa za utotoni zimekwisha, wala kwamba utafiti wa 2010 ulikosea. Hakuna aliyedanganya. Kilichotokea ni kwamba kila aliyenukuu alipunguza kidogo: wa kwanza akaacha mipaka ya mkoa, wa pili akaacha umri wa waliojibu, wa tatu akaacha mwaka. Mwishoni jibu la wanawake fulani wa wakati fulani likawa sifa ya kudumu ya mahali. Nadhani huo ni udhalimu mdogo, wa aina isiyompeleka mtu mahakamani, na unatendwa na watu wenye nia njema wanaofanya kazi ya kunakili.

Watu wa hapa si wageni wa kuchunguzwa. Katika kata jirani ya Old Shinyanga, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, kulikuwa na makao ya utafiti wa mbung'o yaliyojulikana duniani. Charles Swynnerton, aliyeyaongoza, alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki mwaka 1936, kupitia chama cha wanasayansi wa wadudu cha London, na akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Waliofyeka vichaka kwa maelfu, kwa amri za watemi wao, walikuwa Wasukuma. Waliotembea njia zilezile siku baada ya siku wakikamata mbung'o ili wahesabiwe walikuwa vijana wa Kiafrika. Majina yao si rahisi kuyapata.

Elimu ilipata zamu yake baadaye. Katika miaka ya 1960 kituo kimoja cha The Hague, Uholanzi, kilichokuwa kikichunguza elimu katika jamii zinazobadilika, kilituma watafiti Usukumani. Mwaka 1969 ikatoka ripoti yao ya muhtasari kuhusu elimu ya msingi Usukumani. Mwaka 1973 Corlien Varkevisser akatoa kitabu kuhusu malezi ya watoto wa Kisukuma, vijijini na mjini Mwanza. Ni kazi za thamani. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na watafiti hawa waliikuta shule ya kijijini wakati huohuo taifa likijiuliza shule ni ya nini. Mtoto aliyekuwa na miaka minane kitabu kile kilipotoka sasa anakaribia au amefikisha sitini. Ni babu au bibi wa mtu. Yamkini hajui kwamba utoto wa rika lake umeandikwa, na katika shule nilizoingia sijawahi kukuta nakala. Vitabu hivyo viko kwenye maktaba za vyuo vikuu, vingi vikiwa mbali na hapa, na viko kwa Kiingereza.

Lugha ni sehemu ya deni hili. Katika vijiji vya Usukumani mahojiano mengi na wazee hufanyika kwa Kisukuma, mtafiti msaidizi huandika kwenye daftari kwa Kiswahili, na ripoti hutoka kwa Kiingereza. Jibu linavuka mito miwili kabla halijachapishwa, na hakuna anayelivusha kurudi. Anayelitoa ndiye mtu pekee katika msururu mzima asiyeweza kulisoma. Hata mwalimu wa hapahapa akijiendeleza, tuseme kupitia Chuo Kikuu Huria, akaandika tasnifu kuhusu utoro katika shule anayofundisha, kwa kawaida ataiandika kwa Kiingereza. Nakala itakwenda chuoni na kuwekwa mtandaoni. Ofisi ya walimu ambamo aliyakusanya maelezo yake haitakuwa nayo.

Tazama pia njia ambayo mtafiti hupita. Anayetoka nje ya nchi huanza na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kutoka hapo barua hushuka: mkoa, wilaya au manispaa, ofisi ya kata, mtaa, shule. Kila ngazi na muhuri wake. Ni utaratibu mzuri, maana unamzuia mtu kuingia darasani akitokea barabarani. Shuleni anakuwa na fomu ya ridhaa, anaisoma, mzazi anatia sahihi au dole gumba. Kisha ripoti ikikamilika inapanda: chuoni, kwa mfadhili, kwenye Tume. Sijaona muhuri unaothibitisha kwamba ilishuka tena.

Kwetu mtu anayefika kwenye mji wa watu hubisha hodi. Akikaribishwa, akapewa kigoda na maji ya kunywa, hasimami ghafla na kuondoka. Anaaga. Kama ametumwa kuuliza jambo, anawaambia wenyeji amepata nini na anakwenda kusema nini. Maadili ya utafiti, kwa jinsi yalivyo kwenye fomu zetu, yamejifunza kubisha hodi. Kuaga bado.

Niliwahi kumweleza kazi yangu mama mmoja, mjumbe wa kamati ya shule. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Mwanangu, wale waliokuja kutuuliza, walipata walichokuwa wanakitafuta?” Hakuwa na kinyongo. Aliuliza kama unavyouliza habari za mgeni uliyemwelekeza njia jana jioni: alifika? Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hakukumbuka walikuwa watu wa chuo gani wala mradi gani. Walikuja na gari jeupe, wakauliza kuhusu chakula cha mchana shuleni na kuhusu wasichana, wakashukuru.

Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, aliyefariki mwaka 2024, alilitazama jambo hili kwa upana. Alisema kwamba sayansi barani Afrika imejengwa kama uchumi wa kikoloni: tunatoa malighafi, yaani takwimu, sampuli na masimulizi. Nadharia zinachakatwa kwingine, kisha tunaziagiza zikiwa tayari. Msomaji wa kanda hii hahitaji kuelezwa zaidi. Mgodi wa Bulyanhulu uko Kahama, mkoani humu. Machi 2017 Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha makinikia, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ilijifunza neno hilo kwa wiki chache. Watu wakaanza kuuliza swali ambalo hawakuwa wameliuliza kwa sauti: ndani ya makontena mna nini hasa, na nani amepima? Dodoso lililojazwa ni aina ya makinikia. Limechimbwa hapa, litayeyushwa kwingine, na mwenye ardhi hajui lilikuwa na nini.

Lakini mfano huo una kikomo, na kikomo chake ndicho kinachonifundisha zaidi. Dhahabu ikitoka Bulyanhulu haiwezi kuwa Bulyanhulu tena. Gramu iliyo sehemu moja haiko kwingine, ndiyo maana tunagombania mirahaba. Jibu haliko hivyo. Jibu la mama yule likienda Uholanzi, linaweza kubaki Ibadakuli vilevile. Akirudishiwa, mtafiti hapungukiwi kitu. Mwenye mgodi anaweza angalau kusema kwamba akigawa atapata hasara. Mtafiti hana kisingizio hicho. Gharama ya kurudisha ni ukurasa mmoja wa Kiswahili na safari moja, na kadiri gharama inavyokuwa ndogo ndivyo kutolipa kunavyokuwa kugumu kutetewa.

Kuna wanaotetea, na hoja zao si za kubeza.

Hoja ya kwanza ni kwamba utafiti hulipa kupitia sera, si kupitia kijiji. Takwimu zikimfikia waziri, watoto wote watafaidika. Ni kweli kwa kiasi. Takwimu za ndoa za utotoni zilitumika sana na wanaharakati katika miaka ambayo mjadala ulikuwa mkali. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Mambo haya ni makubwa. Lakini haki ya kurudi shuleni inaanza kuwa haki pale mama wa msichana anapojua kwamba ipo. Faida inayopita juu, kwa waziri na kwa mahakama, bado inahitaji mtu wa kuishusha. Na hata ikishuka kwa wote, haimlipi aliyejibu kwa kuwa alijibu. Yeye alitoa kitu ambacho jirani yake hakutoa: saa mbili za siku yake, na habari za ndani ya nyumba yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, maana ina ushahidi. Kuanzia 2010 utafiti wa Uwezo uliingia majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kupima kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Uwezo ilifanya jambo ambalo nalisifu: mtoto akishapimwa, mzazi alielezwa matokeo palepale. Huko ni kuaga. Basi watafiti watatu, Lieberman, Posner na Tsai, wakataka kujua kama kuaga kwa namna hiyo kunabadilisha chochote. Wakafuatilia wazazi vijijini Kenya, waliopewa matokeo na wasiopewa. Mwaka 2014 walichapisha walichokiona: kwa jumla, wazazi waliopewa matokeo hawakufanya jambo la tofauti na wale ambao hawakupewa. Hawakudai zaidi shuleni, wala hawakubadilika nyumbani.

Mtu anaweza kuuchukua utafiti huo na kusema: mnaona? Kurudisha matokeo ni kupoteza muda. Mimi nadhani hapo ndipo swali la maadili linapojitenga na swali la miradi. Mradi unauliza, je, taarifa hii italeta badiliko? Ni swali halali kwa mtu anayegawa fedha. Lakini deni haliulizwi hivyo. Nikikukopa elfu kumi, siwezi kukataa kukulipa kwa sababu nimechunguza nikaona utainywea pombe. Waswahili wanasema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kuhakikisha mdai ataitumia vizuri. Mzazi aliyepewa matokeo, akayatafakari usiku, kisha asubuhi akaenda shambani kama kawaida, amelipwa. Alichofanya baada ya hapo ni chake. Huenda alijua sababu za kutofanya kitu kuliko watafiti: kwamba mwalimu ni mmoja kwa darasa lililofurika, kwamba alishawahi kulalamika. Kumtaka abadilike ndipo tumpe kilicho chake ni kumfanya mdeni badala ya mdai.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi, na niliielewa vizuri nilipoanza kuangalia namna nchi ndogo za visiwa zinavyotunza tafiti zao za elimu.

Ushelisheli ina watu wapatao laki moja. Mkoa wa Shinyanga peke yake ulikuwa na zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2022. Nchi hiyo ni mwanachama wa SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, ambamo Tanzania Bara na Zanzibar huhesabiwa kila moja peke yake. Kati ya mwaka 2000 na 2002 muungano huo ulipima kusoma na hisabati kwa wanafunzi wa darasa la sita. Kwa baadhi ya nchi tofauti kubwa zilikuwa kati ya shule na shule: ya mjini na ya kijijini, ya wenye nacho na ya wasio nacho. Ushelisheli ilikuta kitu kingine. Tofauti kubwa zilikuwa ndani ya shule ileile, kwa sababu watoto walikuwa wanagawanywa katika mikondo kwa uwezo wao wakiwa bado wadogo, na aliyewekwa mkondo wa chini alibaki chini. Matokeo yakarudi, yakajadiliwa nyumbani, na mjadala ukaingia kwenye mageuzi ya sera ya kupanga madarasa.

Unaweza kuona kwa nini kisiwa kinaweza hilo. Tafiti zote za elimu zilizofanywa kuhusu nchi ndogo kama ile karibu zinatosha kwenye kabati moja. Mtafiti, ofisa wa wizara na mwalimu mkuu huenda walisoma pamoja. Anayeuliza hawezi kutoweka, maana ataonana na waliojibu sokoni. Umbali ndio unaoficha deni, na kisiwani umbali haupo.

Lakini ukaribu huohuo una makali yake. Andika kwamba “katika shule moja ya kisiwa kidogo, mwalimu wa hisabati hufika amelewa,” na kisiwa kizima kitajua ni nani. Kuficha jina hakufichi mtu mahali ambapo watu wote wanajuana. Na hapa kwetu kuna visiwa bila bahari. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004 tumejenga sekondari za kata. Ukitaja kata, mara nyingi umetaja shule. Ukitaja shule na mwaka na kidato, wasichana watatu waliopata ujauzito wanatambulika kwa majina mpaka dukani. Andiko lililokaa kimya kwenye maktaba ya mbali halimdhuru yeyote. Nikilileta, nikalibandika ukutani kwa Kiswahili safi, ninaweza kuwa nimemlipa mama wa kamati kwa kumvunjia heshima binti wa jirani yake.

Kwa hiyo kulipa hakuwezi kuwa kumwaga tu. Ibadakuli ina kituo cha kupoza umeme, mahali inapofika njia ya msongo mkubwa inayotoka Iringa. Umeme ule, ulivyo kwenye nyaya kubwa, hakuna nyumba inayoweza kuupokea, ungeiunguza. Ndiyo maana unapozwa kwanza. Umeme ni uleule, umeshushwa kiwango ambacho taa ya sebuleni inaweza kukitumia. Maandishi ya utafiti yanahitaji kazi ya namna hiyo, na si tafsiri peke yake. Inabidi mtu achague: hili ni la shule nzima, hili ni la mwalimu mkuu peke yake, hili ni la mzazi wa mtoto mwenyewe, hili halipaswi kutoka kabisa. Inabidi aseme mwaka na mipaka. Inabidi aseme pia kilichobadilika. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama na Shinyanga mwaka 2009. Andiko la kabla ya hapo linaloeleza watoto wanaochelewa shule kwa kutafuta maji linasema kweli kuhusu watoto waliokuwa wakati ule. Lisomwe hivyo.

Na nani ana haki ya kuweka masharti ya upozaji huo? Mwaka 2017 jamii za Wasani wa Afrika Kusini, ambao pengine ni miongoni mwa watu waliochunguzwa mno duniani, zilitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti. Wanataka heshima, uaminifu, haki, kujali, na kufuata utaratibu waliouweka. Kilichonigusa ni nani aliyeandika. Kwa kawaida kanuni za kumlinda anayeulizwa huandikwa na wanaouliza. Sioni kwa nini kamati ya shule au mkutano wa mtaa usiweze kuwa na ukurasa wake wenye sharti moja tu: ukija kuuliza, tuambie utarudi lini na utarudi na nini.

Narudi kwenye swali la pili, la mwenye orodha. Mimi sikumuuliza mtu chochote katika tafiti hizo. Naweza kusema deni ni la wenyewe. Lakini anayeorodhesha anaamua kitu kizito kuliko inavyoonekana: anaamua nini kitahesabiwa kuwa kinajulikana. Kilichomo kitanukuliwa, kisichomo kitakuwa kama hakijawahi kusemwa. Nikiandika andiko la mgeni aliyekaa wiki tatu, nikaacha rejista za mahudhurio alizotunza mwalimu kwa miaka ishirini, nimeshasema nani ni mjuzi. Rejista ile inaonyesha, mwezi kwa mwezi, watoto wanapotea wakati wa mavuno ya pamba na wanarudi lini. Haina nadharia, lakini ina kitu ambacho nadharia inatafuta. Na nikinakili asilimia 59 bila mwaka na bila mipaka, nimeingia katika msururu wa wale wanaopunguza kidogo. Anayerithi mali ya marehemu hurithi na madeni yake. Anayerithi majibu ya watu vilevile.

Kwa hiyo jedwali langu limeongezeka safu. Baada ya mwandishi, mwaka, lugha na mahali ilipo nakala, kuna safu ya mipaka ya eneo kama ilivyokuwa siku ya utafiti. Kuna safu ya maandishi yasiyoitwa utafiti: rejista, kumbukumbu za vikao vya kamati, daftari la mwalimu wa malezi. Kuna safu ya tahadhari, kwa yale yanayoweza kumtambulisha mtoto. Ya mwisho ina swali moja, walirudi? Humo naandika tarehe kama ipo, na namna walivyorudi: mkutano, barua, ukurasa ubaoni. Pasipo na kitu naacha wazi. Sijazi kwa kukisia, wala sifuti safu ili jedwali lipendeze.

Kila andiko ninaloliweza nalifupisha kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, mwaka ukiwa juu kwa herufi kubwa. Nakala ya kwanza inakwenda kwa mwalimu mkuu asome na afute kinachoweza kumuumiza mtu. Iliyosafishwa inakwenda kwenye kamati ya shule. Ukurasa wa asilimia 59 ulikuwa wa kwanza kumaliza. Unaanza na orodha ya wilaya ambazo wakati ule zilikuwa Shinyanga na leo haziko, kisha umri wa wanawake waliojibu, kisha namba. Chini nimeacha mistari mitano mitupu, yenye kichwa: Ambacho hawakutuuliza.